Uaminifu kwa Lupin Yupi? Mhadhara juu ya The Castle of Cagliostro



Kuna hoja moja imenikera kwa miaka mingi, na jioni hii naomba ruhusa yenu niikabili hadi mwisho. Inasema kwamba The Castle of Cagliostro, filamu ya katuni aliyoiongoza Hayao Miyazaki mwaka 1979, ni filamu nzuri lakini ni filamu mbaya ya Lupin. Wanaoishikilia si watu wa kubezwa. Monkey Punch mwenyewe, aliyeanza kumchora Lupin wa Tatu mwaka 1967, aliisifu filamu hiyo huku akisema huyo si Lupin wake. Lupin wa michoro yake ni mwizi mkware, mjanja asiye na huruma. Huyu wa Miyazaki anamwokoa bibi harusi, binti anaomba kuondoka naye, na mikono ya Lupin iliyokwisha kunyanyuka kumkumbatia inashushwa.

Historia ya mfululizo wenyewe mnaijua: manga, tamthilia ya runinga ya 1971, ile ya 1977, filamu ya Mamo ya 1978. Sitawachosha. Mimi nauliza tu: mnapodai uaminifu, uaminifu kwa nani?

Lupin wa Tatu hakujizaa. Ni mjukuu wa Arsène Lupin, mwizi muungwana aliyebuniwa na Mfaransa Maurice Leblanc mwaka 1905. Huyo babu anavaa vizuri, anawaibia wenye majumba, na mara nyingi anajikuta akimtetea mwanamke aliyeonewa. Leblanc alitoa La Comtesse de Cagliostro mwaka 1924, na jina la filamu limetoka humo. Mwaka 1927 akatoa La Demoiselle aux yeux verts, ambamo siri ya urithi wa msichana ni mji wa Kirumi uliozama ziwani. Sasa tazameni mwisho wa filamu: maji ya ziwa yanatoka, na hazina iliyopiganiwa muda wote inakuwa mabaki ya mji wa Kirumi, kitu ambacho mwizi hawezi kukitia mfukoni. Miyazaki alimruka baba akarudi kwa babu. Anayemshitaki kwa kuusaliti ukoo aanze kwanza kuusoma ukoo wenyewe.

Wenzangu watajibu kwamba watazamaji wa 1979 walikuja kumwona Lupin wa manga, si wa Leblanc. Sawa, na huyo naye yumo. Akiwa amejeruhiwa kitandani, Lupin anasimulia jinsi, miaka kama kumi nyuma, kijana mwenye uchu na kiburi aliivamia ngome ya Cagliostro kutafuta siri ya noti bandia, akapigwa, akaanguka bustanini akivuja damu, na mtoto wa kike akampa maji. Yule kijana ndiye Lupin wa manga! Filamu haikumfuta, ilimkuza. Mifululizo mirefu ina ugonjwa wa kuwaweka mashujaa wake katika umri uleule mwaka hadi mwaka. Hapa shujaa ana jana yake, na anaionea haya.

Nije kwenye kile ninachokipenda kuliko vyote, na mnivumilie nikikaa hapo. Nilipomwonyesha mjomba wangu filamu hii, mtu aliyekula maisha yake uvunguni mwa magari, hakujali hadithi hata kidogo. Ilipofika mbio za barabara ya mlimani, ile Fiat 500 ya manjano ikilifuata gari la bibi harusi, aliinuka kitini. Aliangalia bodi inavyolalia upande kwenye kona na springi zinavyoshuka gari linapotua. Akasema, “Aliyechora hiki kigari amekiendesha.” Nami sikuwa nimemwambia chochote kuhusu Yasuo Ōtsuka, msimamizi wa uchoraji wa filamu hiyo, aliyependa magari na mashine tangu utotoni, na ambaye Fiat 500 ilikuwa gari lake mwenyewe. Kigari hicho kinapanda ukingo wa mlima ambao gari lolote la kweli lingebiringika, na bado tunaamini, kwa sababu kila kilo yake imechorwa.

Vivyo hivyo juu ya paa, usiku. Roketi ndogo ya kurushia kamba inamponyoka Lupin na kuviringika. Anaikimbilia, mteremko unamzidi, miguu haishikiki tena, na kinachobaki ni kuruka. Mwendo wote huo umezaliwa na kosa dogo la mkono. Baadaye anapigwa risasi, anaugua, anaamka akila kama mtu aliyekauka damu. Katika filamu za mapambano, nasema bila kusita, uzito ndio ukweli: mwili usioumia hauna ushujaa.

Kasoro zipo, na nzito. Goemon, mpiga panga hodari, amepewa kazi ya kusimama. Clarisse, yule bibi harusi, ana ujasiri, anajitupa mbele ya bunduki, lakini sehemu kubwa ya filamu anangoja mnarani. Bwana wa ngome ni mwovu tu, hana upande wa pili. Mtu akinitajia hayo sina ubishi naye.

Lakini wanaosema filamu hii ni hadithi tamu ya watoto wamwangalie Inspekta Zenigata. Anaigundua mitambo ya noti bandia, anapeleka ushahidi kwa Polisi wa Kimataifa, na wakubwa wanaukalia kwa kuwa serikali zao zimo ndani. Ndipo anajifanya anamfukuza Lupin mbele ya kamera za runinga, na “kwa bahati” anaonyesha dunia nzima mafungu ya noti. Polisi mwaminifu analazimika kuigiza ili ukweli upite. Hilo si la watoto peke yao.

Filamu ilipotoka Desemba 1979 haikuvuta watu wengi kwenye majumba ya sinema, ingawa ilipata tuzo ya Ōfuji ya gazeti la Mainichi. Ombi langu kwa idara yetu ni hili: mwanafunzi yeyote anayetaka kuandika juu ya uaminifu wa filamu za mifululizo aitazame hii, na kabla ya kushika kalamu asome vile vitabu viwili vya Leblanc.