Kinda wa Shakwe Jicho-Jeupe Kati ya Shakwe Masizi



Maji yakipwa, mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, hujaa shakwe. Wengi ni shakwe masizi, *Ichthyaetus hemprichii*, ambaye huzaa hata kwenye visiwa vidogo vya Kiunga. Swali ninaloulizwa kila kaskazi ni moja: yule mchanga, mweusi kuliko wenzake, si yule shakwe jicho-jeupe wa Bahari ya Shamu? Mara nyingi jibu ni la. Nimekuja kueleza namna ya kuifikia "la" hiyo bila kubahatisha, ili siku tukisema "ndiyo" tuaminike.

Jina lenyewe linapotosha. Jicho la ndege huyu ni jeusi. Kilicho cheupe ni kope. Huzaliana Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden, na kwetu ni mgeni adimu sana. Mtaalamu wa ndege Temminck alimwita *leucophthalmus*, yaani "jicho-jeupe", mwaka 1825, mwaka uleule ambao Hemprich, ambaye shakwe wetu wa kawaida ameitwa kwa jina lake, alifia Massawa, kwenye bahari ya ndege hao wote wawili.

Wengi huanza na manyoya. Mimi huyaacha mwisho. Ni kweli kwamba kinda wa masizi, manyoya yakiwa mapya, huwa na kingo za rangi hafifu mabawani, mfano wa magamba ya samaki, na kinda wa jicho-jeupe huonekana wa kahawia iliyokolea zaidi. Lakini jua na chumvi huzila kingo hizo. Baada ya miezi michache magamba yamekwisha, na kinda wa kawaida kabisa anageuka kuwa ndege wa ajabu machoni mwa mtu mwenye hamu.

Anzeni na mdomo. Wa masizi ni mnene, wenye rangi mbili hata utotoni: shina la kijivu, ncha nyeusi. Wa jicho-jeupe ni mwembamba, mrefu, mweusi wote, na unang'aa. Msiutegemee unene peke yake, maana majike wa shakwe huwa na midomo midogo kuliko madume. Kisha tazameni kope: jicho-jeupe ana hilali mbili nene, juu na chini ya jicho, ilhali masizi huwa na ya juu, na ya chini ni hafifu au haionekani.

Nayasema haya kwa sababu yalinikuta. Asubuhi moja hapo Sabaki nilimwona kinda amesimama pembeni mwa kundi, kaloa, mweusi tii, mdomo mweusi tangu shinani. Nikaandika jina daftarini kwa herufi kubwa, nikamwita mwenzangu aje na darubini ya miguu mitatu. Hakuitazama rangi. Aliuliza tu, "Hilali ya chini iko wapi?" Sikuwa na jibu. Tukakaa. Baada ya robo saa hivi yule ndege akaingia kwenye maji ya kina kifupi, akachovya kichwa, akatikisa, akachovya tena. Tope likamtoka mdomoni, na shina la kijivu likajitokeza wazi. Mwenzangu akanipa kalamu, nikalikata lile jina.