Gunia Lililoko Ghalani ni la Mkulima



Hapa Mtwara tumeuza korosho kwa stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007/2008. Mkulima hupeleka gunia, hupimiwa, hupewa karatasi, kisha husubiri mnada. Siku zote hizo ada ya watoto na salfa ya mwakani vimelala ndani ya ghala.

Tukitaja usalama, wengi huwaza mwizi wa usiku. Huyo yupo, na dawa yake ni mlango wa chuma, nondo madirishani, taa ya sola na mlinzi anayelipwa kwa wakati. Lakini gunia hupotea pia mchana, kwenye mizani na kwenye daftari. Kwa hiyo tunataka kufuli mbili, funguo zake kwa watu wawili, na magunia yahesabiwe kila wiki mbele ya wakulima.

Kuna pia wezi wasio na miguu. Unyevu huharibu korosho. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Ganda la korosho lina mafuta, moto ukishika hausubiri. Mitungi ya kuzimia moto iwe karibu na mlango.

Kufuli na daftari havihitaji harambee, vinahitaji uaminifu wetu. Mlango, taa, chaga na mitungi ndivyo tunavyovichangia leo. Ndugu zetu mlio mbali na nyumbani, wazazi wenu wameweka jasho lao mle. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.