Mgonjwa Wetu Tumpeleke Wapi?

(Mawaidha kwa vijana na wazazi wa Ngaremara, Isiolo, katika mwezi mtukufu wa Ramadhan)

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetufikisha Ramadhan tukiwa hai, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Wazee wangu, mama zangu, vijana wenzangu, mada niliyopewa ni nzito na wakati ni mchache, kwa hivyo naingia moja kwa moja.

Mwezi ukiandama, wako vijana hapa Ngaremara na kule Isiolo mjini wanaoweka nia ya kuacha pombe. Nia hiyo ni njema, tusiidharau. Lakini yule aliyezoea chang'aa kila siku, ambaye hata asubuhi hawezi kusimama bila ile ya kutoa loki, akikata ghafla mwili unamgeuka. Baada ya saa chache mikono inatetemeka, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio, usingizi hakuna. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kifafa. Siku ya pili au ya tatu wengine huona watu wasiokuwepo, husikia sauti, hawajui wako wapi wala ni saa ngapi.

Hapo ndipo nyumbani watu huanza kusema: huyu ana jini. Anafungwa kamba, anafungiwa chumbani, anasomewa. Ndugu zangu, kisomo ni kheri na hakuna anayekikataa. Lakini mtu huyu anaweza kufa mle chumbani ilhali ugonjwa wake unajulikana na dawa yake ipo. Msomee, lakini msomee mkiwa njiani kwenda hospitali.

Sasa kuna swali ambalo watu huuliza. Pombe ni haramu, mtu amejitakia mwenyewe, vipi tumwite mgonjwa? Tujibu kwa utaratibu. Uharamu wa ulevi hauna mjadala. Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na 91, imekata maneno. Lakini kabla ya aya hizo zilitangulia ile ya Al-Baqara 219 na ile ya An-Nisaa 43, na amri ikakamilika hatua kwa hatua. Mola aliyewaumba watu anajua jinsi mazoea yanavyoshika mizizi. Hiyo si ruhusa ya mtu kusema leo na yeye ataacha polepole, la. Ni funzo kwetu sisi tunaomsaidia, kwamba tuwe na subira.

Na katika Sahih Bukhari imepokewa habari ya mtu aliyeletwa kwa Mtume (S.A.W.) mara kwa mara kwa kosa la kulewa. Mmoja wa waliokuwepo akamlaani. Mtume akamkataza kumlaani, akaeleza kwamba mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Aliadhibiwa, lakini hakutupwa nje ya umma. Je, sisi tuna haki gani ya kumtupa kijana wetu?

Kwa hivyo kunywa ni dhambi, na uraibu ni ugonjwa. Hata Shirika la Afya Duniani limeuweka katika orodha ya magonjwa. Dhambi huombewa toba, ugonjwa hutafutiwa tiba, na mtu mmoja anaweza kuhitaji vyote viwili kwa siku moja.

Tufanyeje basi?

Kwanza, tusimwache akate pombe peke yake. Akiwa ni mnywaji wa kila siku, aanzie kwenye zahanati yetu, na wao wakiona hali ni nzito apelekwe hospitali ya rufaa ya Isiolo. Ukiona ametetemeka sana, ameanguka kifafa au maneno yamepotea, usingoje futari. Mtafutie gari au boda boda saa hiyo hiyo. Akisema macho hayaoni vizuri baada ya kunywa, pia ni haraka, kwa sababu pombe iliyotiwa sumu ya methanoli hupofusha na kuua. Mwaka 2014 iliua watu wengi katika kaunti za Embu, Kiambu, Kitui na Makueni.

Hospitalini daktari anaweza kumpa dawa kama diazepamu, ambayo hupunguzwa siku baada ya siku hadi mwili utulie, pamoja na vitamini B1. Dawa hizi si za kujinunulia dukani. Ziko familia zilizomtoa kijana kwenye chupa zikamtia kwenye vidonge. Na saumu? Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, Qur'ani imelisema hilo katika Al-Baqara 184 na 185. Tusimwonee haya kijana anayemeza dawa mchana wa Ramadhan ili apone.

Pili, tujue kwamba siku hizo chache za dawa ni mlango tu, si nyumba. Kinachofuata ni ushauri nasaha wa wiki na miezi. Hapa kwetu kituo cha kulaza waraibu hatuna, na Hospitali ya Mathari, Nairobi, ni safari ya karibu kilomita 280. Lakini simu tunazo. NACADA, mamlaka ya serikali inayoshughulikia mambo haya, ina nambari 1192 isiyolipiwa. Mzazi anaweza kupiga akaelekezwa. Ukiambiwa kuna kituo cha kibinafsi, uliza kama kina kibali cha NACADA, uliza gharama, na uliza kama bima ya SHA inalipa, kabla hujauza mbuzi. Kituo kinachopiga watu au kuwafunga minyororo, mtoe mtu wako.

Msidhani Waislamu hawajafanya kazi hii. Ndugu zetu wa Malindi, heroini ilipowaingilia nyumba kwa nyumba, hawakukaa kulaumiana. Mradi wa Omari ulianza huko mwaka 1995, ukawa unawapokea vijana na kuwatibu. Baadaye serikali ikaleta dawa ya methadoni, ikaanzia Mathari mwishoni mwa mwaka 2014 na kufika Malindi mwaka 2015. Methadoni ni ya wenye heroini, haitibu pombe. Lakini funzo ni moja: yule kijana mwenye arosto alihesabiwa mgonjwa, akatafutiwa dawa.

Tatu, na hili ndilo letu hasa, ni siku anayorudi. Anarudi akiwa mzima, halafu maskani ni ile ile, rafiki ni wale wale. Anakaribishwa miraa, "hii si pombe, tafuna tu." Usiku usingizi unakataa, anatafuta kitu cha kumlaza, na chupa inarudi. Ndani ya Ramadhan siku yake imejaa: daku, kazi, futari, tarawehe. Hatari ni Idi na ile wiki inayofuata, mikono ikiwa haina kazi. Na mwili uliopumzika haubebi tena kile ulichokuwa ukibeba zamani, kwa hivyo kurudi kwa kipimo cha zamani kunaweza kumuua.

Basi vijana wenzangu, kila anayerudi tumpe watu wawili wa kumpitia kila jioni hadi Shawwal iishe na zaidi. Aitwe kwenye mpira, aitwe kwenye darsa, apewe kazi hata ya siku moja. Akiteleza, arudishwe kliniki, asitangazwe barazani. Na katika michango yetu ya futari, tutenge kidogo kiwe nauli ya kumfikisha mgonjwa Isiolo. Pia tumfikirie mama anayepika chang'aa ili watoto wapate karo. Tukimkaripia bila kumwonyesha riziki nyingine, kesho sufuria iko motoni tena.

Hapa Ngaremara tunaishi na majirani wasio Waislamu, na pombe haiulizi dini. Mgonjwa wa jirani naye ni wetu.

Ya Rabbi, tukubalie saumu zetu, waponye wagonjwa wetu, na warudishe vijana wetu kwa mama zao wakiwa na akili timamu. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.