Haki Yako Huanzia Gatini

(Hotuba kwa watumiaji wa huduma, Mwanza)



Wengi wetu hupenda kuwapeleka watoto Kisiwa cha Saanane siku za mapumziko. Kutoka katikati ya jiji hadi Capri Point ni mwendo mfupi, kisha boti huvuka kwa dakika chache. Kisiwani kuna pimbi wanaoota jua miambani, swala pala, na upepo mwanana wa Ziwa Victoria. Mahali hapo palianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, pakawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Ni matembezi mema, wala sikuja kuwatia hofu.

Nimekuja kuzizungumzia zile dakika chache. Kwa kuwa safari ni fupi, abiria husema, "Tunafika sasa hivi," na kuliacha jaketi la kuokolea maisha chini ya kiti. Tukumbuke kivuko cha MV Nyerere. Tarehe 20 Septemba 2018 kilipinduka kikiwa kimebeba watu kupita uwezo wake, karibu kabisa na gati la Ukara. Watu zaidi ya 200 walipoteza maisha, na nchi kavu ilikuwa ikionekana. Umbali mdogo si kinga.

Kinga ni yale tunayoyafanya kabla ya kupanda. Kabla ya kulipa, uliza iwapo nauli ya boti imo ndani ya kiingilio, kisha dai stakabadhi na uitunze. Uliza pia boti inaruhusiwa kubeba watu wangapi, nawe uwahesabu waliomo. Kila abiria awe na jaketi lake, lenye mikanda mizima. La mtoto liwe la kimo chake, kwa maana kubwa litamvuka akiingia majini. Mvalishe, kaza mikanda, kisha vuta jaketi juu taratibu ukilishika mabegani. Likipanda hadi masikioni, omba dogo zaidi. Lisipopatikana, msipande.

Najua kusema hivyo ni kugumu. Watu wamekwisha kuketi, wanakutazama. Mwendeshaji anakuambia kwamba unawachelewesha wenzako. Lakini wewe ndiwe mlipaji, na kukataa huduma isiyo salama ni haki yako. Boti ikishaondoka, haki hiyo haikufai kitu tena. Mara nyingi akisema mmoja, wengine waliokuwa wakiogopa nao husema.

Haki hii ina wajibu wake. Mwendeshaji akiahirisha safari kwa sababu ya mawimbi, au akikataa kumwongeza ndugu yako katika boti iliyojaa, tusimlaumu wala tusimbembeleze. Huyo anatutendea haki. Saanane haihami, tutakwenda kesho.