Saa ya Mechi ni Ahadi: Funzo Kutoka kwa Mashabiki wa Vyuo vya Marekani

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa viongozi wa timu za wadi

 

Niliombwa nizungumze kuhusu ratiba za michezo. Nitaanzia mbali kidogo, kwa sababu ya swali nililoulizwa na nyanya mmoja, jirani yetu. Mjukuu wake anasoma mashariki mwa Marekani kwa ufadhili wa riadha. Akaniambia, "Mwanangu, wewe ni mtu wa habari. Mbona Jumamosi jioni huyu mtoto hapokei simu?" Nikamjibu, "Nyanya, jioni yetu ni adhuhuri yao, na siku hiyo mji mzima uko uwanjani."

Sisi Wakenya tumevijua vyuo hivyo kwa mbio. Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State, mjini Pullman. Lakini mchezo unaojaza viwanja huko ni kandanda ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai na kofia ngumu. Mechi ya kwanza kati ya vyuo ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869, Rutgers wakiwashinda Princeton 6-4. Leo uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan peke yake una nafasi za watu 107,601.

Mechi nyingi huchezwa Jumamosi. Kwa saa za mashariki mwa Marekani, nyakati zilizozoeleka ni saa sita mchana, saa tisa na nusu alasiri, na saa moja na nusu jioni. Mwezi wa Septemba na Oktoba, kwetu hapa hizo ni saa moja jioni, saa nne na nusu usiku, na saa nane na nusu usiku wa manane. Mapema Novemba wao hurudisha saa zao nyuma, kwa hivyo sisi tunaongeza saa moja. Mwenye mtoto huko na aandike hayo.

Ni nani anayepanga saa hizo? Zaidi ya wote, ni runinga. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba shirikisho la michezo ya vyuo, NCAA, halikuwa na haki ya kudhibiti maonyesho ya mechi za vyuo kwenye runinga. Tangu hapo vyuo na miungano yao huuza haki za matangazo wenyewe, na mnunuzi huja na saa yake. Shabiki hujua tarehe miezi mingi mapema, lakini saa ya mechi nyingi hutangazwa siku 12 kabla, na wakati mwingine siku 6 tu. Aliye mbali hajui kama atarudi nyumbani mchana au alfajiri.

Hata hivyo, mashabiki hawajaiacha siku yao. Saa imechukuliwa na runinga, lakini siku ni yao. Hufika asubuhi, wakafungua buti za magari, wakachoma nyama na kumkaribisha hata mgeni wasiyemjua. Kule Knoxville, Tennessee, wengine huja kwa mashua na kuzifunga mtoni karibu na uwanja. Katika chuo cha Texas A&M, wanafunzi husimama mechi nzima kuonyesha kwamba wako tayari kuisaidia timu. Na jeshi la nchi kavu linapokutana na jeshi la majini, mwishoni wachezaji wa pande zote mbili husimama pamoja na kuimba nyimbo za vyuo vyao, ule wa walioshindwa ukitangulia.

Desturi inayonigusa zaidi ni ya Iowa. Tangu 2017, robo ya kwanza ikiisha, uwanja mzima hugeuka na kuwapungia mkono watoto wagonjwa walio madirishani mwa hospitali iliyo jirani. Haigharimu hata shilingi moja.

Lakini desturi isiyo na msimamizi inaweza kuua. Wanafunzi wa Texas A&M walikuwa na mazoea ya kupanga magogo marefu kwa ajili ya moto mkubwa kabla ya mechi na mahasimu wao. Usiku wa tarehe 18 Novemba 1999 rundo hilo liliporomoka wakiwa juu yake, na watu 12 wakafariki. Chuo kikaacha kuandaa moto huo.

Nayo pesa ya runinga inaweza kuvunja ujirani. Mwaka 2024, timu 10 kati ya 12 za muungano wa vyuo vya pwani ya magharibi zilihamia miungano mingine yenye mikataba minono. Chuo cha Rono kilikuwa kimoja kati ya viwili vilivyoachwa. Lakini mashabiki wake, ambao tangu 2003 huhakikisha bendera yao inapepea kila kipindi maarufu cha Jumamosi asubuhi kinaporushwa, hata mahali timu yao haichezi, hawakuikunja.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka jana nilituma tangazo la fainali: saa nane mchana. Asubuhi yake nikaambiwa tumsubiri mgeni, nami sikutuma ujumbe mwingine. Mechi ikaanza saa kumi na nusu. Penalti zilipigwa giza likiingia, na wasichana wa timu iliyotoka mbali wakarudi usiku kwa miguu. Walifika salama, lakini kosa lilikuwa langu. Hakuna runinga iliyonilazimisha.

Kwa hivyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, saa ikitangazwa, mechi ianze. Mgeni akichelewa, atatukuta uwanjani. Pili, ikibidi saa ibadilike, nipigieni simu mara moja ili nitangaze redioni, nanyi mwambie chifu na mwalimu mkuu. Tatu, ngoma, pikipiki na misafara ya ushindi ipewe mtu mzima wa kuisimamia.

Yule nyanya nilimwandikia saa kwenye karatasi. Siku hizi anapiga simu Jumapili baada ya ibada, saa kumi alasiri. Kwa mjukuu ni asubuhi, na anapokea. Anachohitaji mtu ni kuambiwa saa ya kweli, mapema.