Wimbo wa Kijiti

Tulipokuwa watoto kisiwani Unguja, bibi yetu alikuwa na gramafoni ya kutia ufunguo, na jioni alikuwa akitupigia santuri za Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, yule aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay ili sauti yake itiwe katika santuri. Kila upande ulikwisha kwa dakika tatu hivi, nasi tukigombania kuigeuza. Wimbo tulioupenda kupita zote ni ule wa Kijiti. Tuliuchezea kwa makofi na vigelegele, hata siku moja bibi akatukemea tukome, wala hakutueleza sababu. Tukamwona mkali bure.

Miaka mingi ikapita. Bibi alifariki, gramafoni ikaliwa na kutu. Juzi rafiki yetu alitusikilizisha wimbo ule ule katika simu yake. Vidole vyetu vilianza kugonga meza kwa mapigo yake. Kisha tukayasikia maneno. Kumbe ni habari ya mwanamke mgeni, mja mzito, aliyeuawa! Muuaji akatoroka, na waliofika mbele ya hakimu kutoa ushahidi ndio waliotiwa kifungoni. Maneno hayo tuliyahifadhi kwa ghibu tangu utotoni, na maana yake haikutuingia hata mara moja.

Tuliomba upigwe tena, tukasikiliza kimya. Pengine bibi alimjua marehemu yule, au jamaa zake. Tungalimwuliza, sasa hapana wa kumwuliza.