Bima ya Maghala Yetu



Nimepewa heshima ya kusema nanyi siku hii ambayo Chama chetu Kikuu kinatimiza miaka 10. Walionitangulia wamekwisha kuzisifu kazi zilizofanyika, nami sitayarudia maneno yao. Nataka kusema juu ya bima ya maghala, hasa yale ya mbao na mabati ambamo vyama vya msingi hununulia kahawa, kwa kuwa humo ndimo jasho lenu hulala usiku.

Zamani jambo hili halikuwa na uchaguzi. Baada ya mwaka 1967 bima ya Tanzania Bara ilikuwa mikononi mwa shirika moja la Taifa, mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipoyafungulia mlango makampuni mengine. Sisi wazee tulizoea kutia sahihi tu. Siku hizi mawakala huja mmoja baada ya mwingine, na kamati nyingi humchagua yule mwenye ada ndogo pasipo kuuliza udogo huo umetoka wapi.

Nilipokuwa katibu wa chama kimoja cha msingi, hati yetu ya bima ilitiwa katika fremu ikatundikwa ukutani, nasi tulijivuna nayo. Msimu mmoja, katika mvua za vuli, upepo uling'oa mabati usiku, na maji yakamwagika juu ya magunia mpaka alfajiri. Tulikwenda kudai fidia bila wasiwasi wo wote. Tukaonyeshwa kwamba hati ile ilikuwa ya moto na radi. Dhoruba na mafuriko huongezwa kwa maandishi na kwa ada yake, nasi hatukuongeza. Kampuni haikutudhulumu, sisi ndio hatukusoma. Wanachama waliokuwa wakingoja malipo ya pili walinitazama kimya, wala sijayasahau macho yale.

Sasa nije kwenye kiasi cha bima, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Tuseme kulijenga ghala upya leo kungegharimu shilingi milioni 60, nanyi, ili kupunguza ada, mkaandika milioni 30. Moto ukiteketeza sehemu yenye thamani ya milioni 20, mtadhani mtalipwa zote, maana hazifiki 30. Sivyo. Hati nyingi zina sharti kwamba aliyekata bima ya nusu ya thamani hulipwa nusu ya hasara. Mtapewa milioni 10, na nyingine mtazitafuta wenyewe. Tena ulizeni kama kampuni italipa gharama ya kujenga upya, au thamani ya jengo baada ya kutoa uchakavu. Kwa ghala la mbao la miaka 15 tofauti hiyo ni kubwa mno.

Kahawa yenyewe ina mambo yake. Ghala lililo tupu mwezi wa Aprili laweza kujaa hadi darini mwezi wa Oktoba. Basi hesabu ifuate wingi wa msimu. Tena mzigo ambao mwanachama ameuleta kabla ya kulipwa bei yote si mali ya chama moja kwa moja. Ni lazima hati itaje kwamba bima yahusu pia mali ya watu wengine iliyowekwa katika amana ya chama. Maneno hayo hayajazi hata mstari mmoja, lakini yakikosekana mkulima aweza kukosa haki yake.

Mwelezeni wakala ukweli. Ukuta ukiwa wa mbao, msiandike matofali, kwa sababu uwongo huo hugunduliwa siku ya moto, na kampuni ina haki ya kukataa kulipa. Vivyo hivyo, mkilibomoa banda na kulisimamisha kijiji kingine, ipasheni kampuni habari kabla ya kuhama, kwa maana hati hulinda mahali palipoandikwa.

Juu ya wizi nitasema kidogo tu. Bima ya wizi kwa kawaida hudai dalili ya kuvunja. Karani akitoroka na fedha huku ufunguo uko mfukoni mwake, hakuna kilichovunjwa ila mioyo yetu. Kwa hasara hiyo iko bima nyingine, ya uaminifu wa watumishi.

Bwana Mwenyekiti, muda wa hati ya ghala letu kuu u karibu kwisha. Kabla kamati haijatia sahihi mpya, naomba katibu aisome ile ya sasa mbele ya mkutano huu, pamoja na maandishi madogo ya nyuma, na kila mwanachama awe na ruhusa ya kuuliza.